Kupima SecA kwa rangi ya malakaiti katika maabara ndogo

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara, awe Makerere, Mbarara au Gulu, aliyesafisha kimeng'enya SecA na sasa anataka kujua kinavunja ATP (molekuli ya nishati ya seli, ambayo ikivunjwa huachia fosfati) kwa kasi gani. Mashine zinazohitajika si nyingi: sentrifuji yenye ubaridi, kivunja seli cha mawimbi ya sauti, spektrofotomita inayosoma 660 nm na pipeti zilizopimwa vizuri. Kinachosumbua ni kitu kingine. Rangi ya malakaiti, inayogeuka kijani ikikutana na fosfati, haiijui SecA. Inaijua fosfati tu, na fosfati iko kwenye sabuni iliyooshea chupa, kwenye bafa ya jirani yako wa meza, hata ndani ya ATP yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhakikisha kwamba fosfati unayoisoma imetoka kwa SecA, wala si kwa mwingine.

SecA inafanya nini

Bakteria hutengeneza protini zake ndani ya seli, lakini nyingi zinatakiwa kufanya kazi nje ya utando wa ndani. Protini ya kusafiri huwa na kipande cha utambulisho mwanzoni mwa mnyororo wake. SecA huishika, huipeleka kwenye mlango uitwao SecYEG, kisha huisukuma kidogo kidogo huku ikivunja ATP kuwa ADP na fosfati. Jeni yake ilielezwa na Oliver na Beckwith mwaka 1981. SecA ya E. coli ina amino asidi 901 na uzito wa takribani kilodaltoni 102.

Ikiwa peke yake, SecA ni mvivu: hukawia kuachia ADP, kwa hiyo huvunja molekuli chache tu za ATP kwa dakika. Ikikutana na utando wenye SecYEG, kasi hupanda. Ikiongezewa na protini ya kusafirishwa, hupanda sana. Ngazi hizi tatu ndizo utakazozipima, na namba moja pekee isiyo na wenzake haina maana.

Kwa nini E. coli, wakati Uganda tunahangaika na kifua kikuu, kipindupindu na homa ya matumbo? Kwa sababu aina za maabara kama BL21(DE3) hazidhuru na hazihitaji chumba cha usalama cha ngazi ya 3. Ukishaimudu hapa, mbinu ni ileile kwa SecA1 na SecA2 za bakteria wa kifua kikuu zikitengenezwa ndani ya E. coli. Ila plasimidi, yaani kiduara cha DNA kinachobeba jeni ya SecA ndani ya bakteria, ni uhandisi wa jeni: peleka mpango wako kwa kamati ya usalama wa kibiolojia ya taasisi yako mapema, na uulize ni kibali gani cha UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) kinachokuhusu, kabla hujaagiza chochote.

Kuifukuza fosfati

Tenga vyombo vya kazi hii pekee. Mirija na ncha za plastiki tumia mpya, moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, bila kuziosha. Vya kioo viloweke usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki ya mola 1, kisha suuza mara tano kwa maji yaliyoondolewa ioni. Sabuni ya unga isikaribie kabisa. Maji ya bomba hata ya kusuuzia mara ya mwisho hapana.

PBS (bafa ya chumvi na fosfati) ni marufuku katika hatua zote, na hapa ndipo wengi hunaswa bila kujua: maelekezo ya kawaida ya kusafisha protini kwa nikeli yanatumia bafa ya fosfati ya 50 mM. Ibadilishe iwe Tris ya pH 8.0 tangu mwanzo. Kudhani kwamba dialisisi (kubadilisha bafa kupitia mfuko wenye vitundu vidogo mno) itaiondoa yote mwishoni ni kujitafutia siku mbili za kuulizana kwa nini mrija usio na kimeng'enya ni wa kijani kibichi.

Kutengeneza SecA

Tuseme una jeni ya SecA kwenye plasimidi ya pET28a, yenye mkia wa histidini mwanzoni. Kuza BL21(DE3) kwenye lita 1 ya LB (chakula cha bakteria) yenye kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita, ukiigawa kwenye chupa mbili za lita 2 ili hewa ipite. Kwa 37 °C, subiri hadi usomaji wa 600 nm ufike 0.6, weka IPTG (inayowasha jeni) iwe 0.5 mM, endelea saa 3. Kusanya seli kwa sentrifuji.

Yeyusha seli katika mililita 30 za bafa hii: Tris 50 mM pH 8.0, kloridi ya sodiamu 300 mM, imidazoli 10 mM, glisaroli asilimia 10. PMSF (huzuia vimeng'enya vinavyokata protini) ya 1 mM iongeze dakika ya mwisho, kwa sababu huharibika haraka ndani ya maji. Vunja seli kwa mawimbi ya sauti, sekunde 10 ukiwasha na 30 ukizima, chombo kikiwa kimezama kwenye barafu. Barafu ya kutengeneza kwenye kavera na kuipondaponda kwa nyundo inafaa kabisa, mradi uchanganye na maji kidogo ili ishike kuta za chombo. Vipande vikavu huacha nafasi za hewa na sampuli inapata joto. Povu likianza kupanda, umeiweka ncha juu mno.

Zungusha kwa 15,000 g, dakika 30, 4 °C. Pitisha maji ya juu kwenye mililita 2 za resini ya nikeli, osha kwa mililita 40 za bafa yenye imidazoli 40 mM, toa protini kwa 250 mM. Fanya dialisisi mara mbili dhidi ya lita 1 ya Tris 50 mM pH 8.0, kloridi ya potasiamu 50 mM, glisaroli asilimia 10 na DTT 1 mM.

Pima wingi kwa Bradford, kisha endesha jeli ya SDS ya asilimia 10. Mstari mnene karibu na kilodaltoni 100 na mistari hafifu michache chini yake unakubalika. Mstari wa pili unaokaribia unene wa wa kwanza haukubaliki, hata kama unaupenda mradi wako: E. coli imejaa vimeng'enya vingine vinavyovunja ATP, na kimoja chenye kasi kikibaki kwa asilimia 2 tu kinaweza kuifunika kasi ndogo ya SecA yote.

Gawa katika mirija ya mikrolita 50 na ugandishe kwa -80 °C. Naitrojeni ya maji ni bora. Hapa kwetu wanayo wanaoshughulika na uhimilishaji wa ng'ombe, na NAGRC&DB ya Entebbe, taasisi ya taifa ya rasilimali za jeni za mifugo, ndiyo inayojulikana zaidi. Mrija ukishayeyuka usiurudishe.

Tando na protini ya kusafirishwa

Kwa ngazi ya pili unahitaji vifuko vya utando wa ndani, navyo vinataka sentrifuji ya kasi kubwa. Taasisi yako ikiwa haina, omba muda kwa wenye nayo. Hakuna njia ya mkato ya kuaminika. Ukivipata, viloweke kwenye urea ya mola 6 kwa saa moja kwenye barafu, kisha virudishe chini kwa sentrifuji. Urea huondoa SecA ya asili iliyojishikiza na huzima kwa kiasi kikubwa ATPase ya F1, ambayo ndiyo mvunjaji mkuu wa ATP kwenye utando. Ni bora zaidi kutumia aina ya E. coli iliyofutwa jeni za unc, kwani hiyo F1 hainayo kabisa.

Protini ya kusafirishwa inayotumika zaidi ni proOmpA. Huhifadhiwa ikiwa imekunjuliwa, kwenye urea ya mola 8. Ukiwa na myeyusho wa miligramu 2 kwa mililita, mikrolita 2 ndani ya 100 zinakupa mikrogramu 40 kwa mililita na urea iliyobaki ni mola 0.16. Iingize mwishoni na uchanganye mara moja. Ikikaa kwenye bafa bila SecA inajikunja, na mlango hauipitishi tena. Mirija mingine yote iwekewe urea tupu ya kiasi kilekile.

Kuandaa rangi

Maabara nyingi za kifua kikuu tayari zina malakaiti ya kijani rafuni, kwa sababu huingia kwenye chakula cha Löwenstein-Jensen cha kuoteshea bakteria wa kifua kikuu. Angalia kibandiko: chumvi ya kloridi ndiyo unayoitaka. Ya oksalati huweza kushindana na fosfati kwa kushika molibdati, hivyo itumie tu kama mstari wako wa viwango umenyooka.

Myeyusho A: gramu 0.045 za malakaiti ndani ya mililita 100 za maji.

Myeyusho B: gramu 4.2 za molibdati ya amonia ndani ya mililita 100 za asidi hidrokloriki ya mola 4. Asidi kali ya asilimia 37 ina takribani mola 12, kwa hiyo mililita 33 zitoshe mililita 100. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Sitrati: gramu 34 za sitrati ya sodiamu yenye maji mawili, jaza hadi mililita 100.

Changanya mililita 75 za A na 25 za B, koroga dakika 20 au zaidi, chuja kwa karatasi au kichujio cha 0.45 µm, kisha ongeza mililita 1 ya Triton X-100 ya asilimia 10. Rangi nzuri ni ya manjano iliyokolea kama asali. Ikiwa ya kijani kabla hujaweka chochote, kuna fosfati kwenye maji au chombo. Imwage na uanze upya, usiiokoe. Triton huzuia rangi isishuke chini kama matope. SDS, kinyume chake, huigandisha, kwa hiyo isitumike kusimamisha mmenyuko.

Viwango

Pima gramu 0.136 za KH2PO4 ndani ya mililita 100 uwe na 10 mM. Punguza hadi 250 µM, kisha tengeneza 200, 150, 100, 50, 25 na sifuri, zote ndani ya bafa ya mmenyuko yenye ATP. Ukichukua mikrolita 40 za kila moja, una nanomoli 10, 8, 6, 4, 2, 1 na sifuri. Juu ya 10 mstari huanza kupinda. Mrija wa sifuri ukisoma zaidi ya 0.3 dhidi ya maji, usiendelee. Tafuta chanzo kwanza.

Mara nyingi chanzo ni ATP. Myeyusho wa 100 mM usawazishe hadi pH 7.2 kwa hidroksidi ya potasiamu (ATP ya sodiamu ikiyeyuka huwa chachu, na uchachu huivunja), uongeze magnesiamu ya kiasi sawa, ugawe mikrolita 50 kila mrija na ugandishe. Umeme ukikatika wikendi nzima na friza ikayeyuka, ATP hiyo imekwisha. Kuijaribu ni rahisi: nanomoli 40 za ATP peke yake zikionyesha zaidi ya nanomoli 1 ya fosfati huru, itupe.

Kipimo chenyewe

Bafa ya mmenyuko: Tris 50 mM pH 8.0, kloridi ya potasiamu 50 mM, kloridi ya magnesiamu 5 mM, albumini ya ng'ombe miligramu 0.5 kwa mililita, DTT isiyozidi 1 mM. Albumini nayo ipime kwanza, baadhi ya chupa huja na fosfati.

Kila mrija una mikrolita 100. SecA iwe mikrogramu 40 kwa mililita, yaani karibu 0.4 µM, tando mikrogramu 100 za protini kwa mililita, ATP 1 mM.

Mirija hii usiipunguze, hata kama vifaa ni haba:

1. ATP bila kimeng'enya
2. SecA bila ATP
3. SecA na ATP
4. Tando na ATP
5. Tando, SecA na ATP
6. Tando, SecA, proOmpA na ATP
7. Kama 6, na azidi ya sodiamu 5 mM
8. Kama 4, na azidi ya sodiamu 5 mM
9. SecA iliyoharibiwa, na ATP

Mrija wa 9 ndio hakimu wa kazi yote. Tumia SecA ambayo asparatati ya 209 imebadilishwa kuwa asparajini, ukiisafisha siku ileile kwa bafa zilezile. Hiyo haivunji ATP. Ikiwa mrija wa 9 unatoa fosfati karibu sawa na wa 3, ulichopima ni uchafu uliotoka nao kwenye resini.

Watu hupenda kuitegemea azidi kama uthibitisho, kwa kuwa huzuia SecA inaposafirisha. Tahadhari mbili. Azidi huzuia pia F1, ndiyo sababu ya mrija wa 8. Tena haiigusi sana kasi ya SecA iliyo peke yake, kwa hiyo mrija wa 3 ukikataa kushuka usidhani azidi yako ni mbovu.

Pasha mirija 37 °C kwa dakika 3, kisha anzisha kwa ATP. Sasa muda. Rangi ina asidi kali, na asidi hiyo huivunja ATP polepole. Sitrati inawekwa baada ya sekunde 60 kamili ili kukomesha hilo. Ukichelewa sekunde 30 kwenye mrija mmoja, huo utakuwa na fosfati ambayo kimeng'enya hakikuitengeneza. Fanya kazi kwa makundi ya mirija mitatu: anzisha kwa sekunde 0, 20 na 40, kundi la pili sekunde 120, 140 na 160, na kuendelea hivyo. Dakika ya 10 ikifika, chukua mikrolita 40 kutoka mrija wa kwanza uziingize kwenye mikrolita 800 za rangi kwa sekunde 0, wa pili kwa 20, wa tatu kwa 40. Kisha mikrolita 100 za sitrati kwa sekunde 60, 80 na 100. Una sekunde 20 za kupumua kabla ya kundi linalofuata. Rudia dakika ya 20. Kwa mpangilio huu mtu mmoja anamudu mirija 12 bila msaidizi. Saa ya simu inatosha.

Mirija ya azidi ishughulikie ndani ya kabati la hewa. Azidi ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu kali, na hapa unaiingiza kwenye asidi kwa makusudi. Kiasi ni kidogo, lakini usiiname juu ya mrija. Masalia yake yakae chombo chake, yasichanganywe na Jik wala kumwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, ambako hutengeneza chumvi zinazolipuka.

Acha rangi ikolee dakika 20 hadi 30, soma 660 nm, maliza ndani ya saa moja.

Umeme ukikatika katikati ya mmenyuko, boksi la povu lenye lita 5 za maji ya 37 °C, likifunikwa, halipoi sana kwa dakika 20. Liandae mapema kila siku ya kipimo, hata anga likiwa jeupe. Spektrofotomita ndiyo isiyo na mbadala, basi hakikisha jenereta ina mafuta kabla hujaweka ATP.

Hesabu

Mikrolita 40 za SecA ya 0.4 µM zina nanomoli 0.016 za kimeng'enya. Tuseme mrija wa 3 umetoa nanomoli 1.9 kwa dakika 20 na mrija wa 1 umetoa 0.5. Tofauti ni 1.4. Gawanya kwa 0.016, kisha kwa 20: ATP 4.4 kwa dakika kwa kila SecA. Kwa mirija ya tando, toa mrija wa 4 badala ya wa 1, na kwa wa 7 toa wa 8.

Linganisha dakika ya 10 na ya 20 kila mara. Fosfati ya dakika 20, ukishatoa ya mrija wa 1, iwe karibu maradufu ya ile ya 10. Ikiwa chini ya hapo, ATP imeanza kwisha au ADP imejaa na kuikaba SecA. Mikrolita 40 zina nanomoli 40 za ATP. Usiache zaidi ya 4 zivunjwe. Mrija wa 6 huvuka mpaka huo kwa urahisi, hivyo punguza SecA mara tano kwenye 5, 6 na 7 pamoja, au soma dakika ya 2 na ya 4.

Yanayokwama mara kwa mara

Mrija wa 2 una rangi: SecA imebeba fosfati. Rudia dialisisi na bafa mpya.

Mrija wa 5 haupandi juu ya jumla ya 3 na 4: vifuko havikugeuka ndani nje (upande uliotazama ndani ya seli unatakiwa uwe nje ili SecA iufikie), au vimekaa friza muda mrefu. Vilevile angalia magnesiamu, maana mabaki ya EDTA kutoka kwenye usafishaji wa tando huinyakua.

Mrija wa 6 ni sawa na wa 5: karibu kila mara ni proOmpA iliyojikunja au kuganda. Zungusha myeyusho wake dakika 5 kwa kasi ya juu kabla ya kuutumia. Ukiona punje chini, hiyo ndiyo sababu.

Usomaji unarukaruka kati ya mirija pacha: vumbi, kidole kwenye kuveti, au pipeti. Malakaiti hushika kwenye kuveti na kila usomaji unaufuata mwingine, kwa hiyo isuuze kwa ethanoli halafu maji kati ya sampuli, na soma kuanzia hafifu kwenda kali.

Kitu kimoja cha nje ya kipimo. Seli zilizobaki ziue kwenye otoklevu, lakini fuata kipimajoto, usifuate geji ya mgandamizo. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na geji ikisoma psi 15 joto hufika takribani 119 °C tu. Kabale, palipo juu zaidi, ni pungufu ya hapo. Ongeza mgandamizo hadi 121 °C isomeke, kisha hesabu dakika 20.

Ukitaka kuhamia kimeng'enya kingine

GspE, inayosukuma sumu ya kipindupindu kutoka Vibrio cholerae, InvC ya sindano ya Salmonella na FliI ya mikia ya bakteria zote hupimika kwa rangi hiihii. Tofauti kubwa ni kwamba InvC na FliI hufanya kazi vizuri zikiungana sita sita. Ukizipunguza sana ili kubana matumizi zinaachana, na kasi kwa kila molekuli inashuka. Basi pima viwango vinne au vitano vya protini kabla ya kuandika namba yoyote. Njia ya Tat, njia nyingine ya kupitisha protini kwenye utando, usiijaribu kwa mbinu hii, kwani haitumii ATP. Inaendeshwa na msukumo wa protoni, na malakaiti haitaona kitu.